MBOLEA YA TANGI LA SAMAKI ISITUMALIZE PESA

Naomba nafasi katika jarida letu nitoe dukuduku langu kuhusu lile tangi la samaki lililo katika maabara ya biolojia. Muhula huu mimea yake imeanza kudhoofika. Majani ya zamani yamekuwa manjano, tena mengine yanaoza. Wapo wanaosema ati kila mwanachama wa chama cha sayansi achange pesa tununue chupa ya mbolea iliyotoka ng'ambo. Wengine wasema mimea ing'olewe tuweke ya plastiki. Mimi sikubaliani na upande wowote.

Plastiki haihitaji hoja nyingi. Mmea hai hufyonza uchafu wa samaki na hutoa oksijeni mchana. Plastiki yafanya nini? Inakaa tu.

Sasa chupa. Ndani yake mna maji, tena maji mengi, na chumvi kidogo zilizoyeyushwa. Chumvi zenyewe si ngeni. Nitrati ya potasiamu tunaisoma katika kemia, na wakulima wa vibandahewa huinunua katika agroveti ikiwa kavu. Kwenye mfuko utaona imeandikwa 13-0-46. Hebu tupige hesabu ya moli, ile ile iliyotutoa jasho darasani. Uzito wa moli moja ya chumvi hii ni gramu 101, na katika hizo nitrati ni gramu 62. Tangi letu lina lita 60. Ukiyeyusha gramu 2 tu humo, kila lita itapata takriban miligramu 20 za nitrati. Kiasi hicho chatosha kabisa, na potasiamu umeipata bure juu yake. Kilo moja ina gramu 1000. Tukitia gramu 2 kila wiki, kilo hiyo itadumu wiki 500, yaani zaidi ya miaka tisa! Ndugu yangu mdogo aliye gredi ya kwanza aweza kuingia sekondari akaikuta bado iko kabatini. Jamani, na sisi wa shule ya kutwa, ambao wengine nauli ya kesho hatujui itatoka wapi, tuchangie maji ya chupa?

Jambo hili halikuanza na mimi. Mwaka wa 1996 wapenzi wawili wa matangi ya mimea, Paul Sears na Kevin Conlin, walieleza jinsi ya kuchanganya chumvi kavu za namna hii nyumbani. Mchanganyiko wao ulipewa jina la Kiingereza lenye maana ya matone ya maskini. Jina hilo halinikeri hata kidogo.

Lakini ndugu msomaji, usikimbilie gunia la DAP lililo stoo ya shamba la shule. Hapa ndipo rahisi huwa ghali. Naitrojeni ya DAP ni ya amonia. Yuria nayo, ikishaingia majini, hugeuka amonia, na nusu ya naitrojeni ya CAN ni hiyo hiyo. Mahindi hayana neno nayo, kwani udongo huihifadhi. Samaki hana pa kukimbilia. Maji yakiwa ya besi, kama yalivyo maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa, amonia hiyo huwa kali zaidi, ikaunguza matamvua yake. Asubuhi utamkuta anaelea.

Kuhusu fosfati nisiwachoshe: chakula cha samaki na kinyesi chao huleta ya kutosha, mradi tangi lina samaki wa kiasi. Chuma ni jambo jingine. Majani machanga yakitoka meupe-meupe ilhali ya zamani ni mabichi, hapo chuma kimepungua, na mbolea ya majani yenye madini madogo madogo yafaa, ila kidogo mno. Huwa ina shaba, na shaba huua konokono.

Najua kuna rafiki yangu atakayesema, "Kama ni bei nafuu, basi tutie vijiko vitatu!" Namwomba akaulize wavuvi wa Kisumu. Gugu maji lilipofika upande wetu wa Ziwa Victoria mwanzoni mwa miaka ya 1990, lilinenepa kwa mbolea iliyotiririka kutoka mashambani na maji machafu ya miji, mpaka mashua zikashindwa kutoka ufuoni. Katika tangi dogo atakayenenepa ni mwani, na kioo kitageuka kijani. Ndiyo maana nasema gramu 2, tena tubadilishe nusu ya maji kila wiki. Maji yanayotolewa tuyamwagie sukuma wiki iliyo nyuma ya jikoni. Itafurahi.

Basi naomba chama kikubali tujaribu kwa muhula mmoja kabla ya mtu yeyote kutoa shilingi. Mizani ya kupimia gramu ipo katika maabara ya kemia. Chumvi iwekwe ndani ya chupa kavu yenye jina, mbali na moto, maana nitrati huchochea mwako. Kazi ya kupima kila Ijumaa baada ya vipindi niko tayari kuifanya, ila nahitaji mwenzangu mmoja wa darasa la chini ajifunze, kwa sababu mwakani nitakuwa na mtihani.