Shilingi Kumi za Mama wa Kaptagat Nazo ni Pesa

Kampuni za simu hazina taabu ya kupokea pesa za mtu wa Kaptagat. Kadi za kredo zinauzwa katika kila kioski kuanzia Naiberi hadi Kaptarakwa, na ukikosa pesa za kadi unakopeshwa kredo usiku wa manane bila kuulizwa swali. Taabu huanza siku mteja anapotaka kujua pesa zake zimeenda wapi.

Tuchukue kisa ambacho mkaazi yeyote wa huku atakitambua. Mama amekamua, amefikisha maziwa kituoni, amenunua kadi ya shilingi 50. Anaikwangua kwa ukucha, anaingiza tarakimu moja moja kwenye simu yake ya mulika mwizi, na kabla hajampigia mtu, salio limeshapungua shilingi 10. Kesho yake, kumi tena. Ujumbe wa asubuhi unamshukuru kwa kuendelea kupokea dondoo za kandanda ya Ulaya. Mama huyu hajawahi kuuliza nani kamfunga nani. Pengine mjukuu alibonyeza kitu akicheza na simu. Pengine hakuna aliyebonyeza chochote.

Anapiga huduma kwa wateja. Sauti iliyorekodiwa inamtaka achague lugha, kisha inamsomea orodha: bando, intaneti ya nyumbani, mikopo, laini iliyopotea. Inasoma mbio, na mtu aliyekulia katika Kikeiyo, Kiswahili akakiokota sokoni, haifuati hadi mwisho. Kukatwa kredo bila idhini hakumo katika orodha hiyo. Anabonyeza sufuri. Muziki. Anaambiwa wahudumu wote wanawashughulikia wateja wengine, asikate simu, na papo hapo anatangaziwa bando jipya. Muziki tena. Laini inakatika. Akibahatika kumpata binadamu, anashauriwa apakue programu ya kampuni, ilhali simu yake haipakui kitu, au afike dukani Eldoret na kitambulisho.

Nauli ya kwenda na kurudi Eldoret peke yake inazidi pesa anazodai. Dukani anachukua tiketi, anakaa kwenye kiti cha plastiki mpaka nambari yake iitwe, na karani anagundua kwamba laini imesajiliwa kwa jina la mwanawe aliye Nairobi, maana ndiye aliyemnunulia simu. Mwenye laini aje mwenyewe. Siku nyingine mfumo uko chini. Mama anarudi nyumbani na kuamua kusamehe.

Kusamehe huko ndiko kunakotukera. Shilingi 10 za mtu mmoja ni kitu kidogo. Wakisamehe watu laki moja, hizo ni shilingi milioni moja kwa siku, na katika vitabu vya kampuni hakuna lalamiko hata moja lililoandikwa. Hatusemi kuna mkubwa aliyekaa ofisini akapanga iwe hivyo. Tunasema kampuni inayoweza kukukopesha kredo kwa sekunde chache, na kulikata deni lake mara tu unapoongeza nyingine, haikosi uwezo wa kupokea simu. Haijaona faida ya kuipokea.

Wala tusiambiwe habari za mashambani. Kaptagat ndiko iliko kambi ya mazoezi ya Eliud Kipchoge, na wageni kutoka pande zote za dunia hufika hapa. Minara ya kuuzia huduma imejengwa. Kilichokosekana ni mahali pa kulalamikia.

Wenye umri watakumbuka enzi za Shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa mwaka 1999, wakati mtu alipoweza kungojea laini ya nyumbani hadi akakata tamaa. Hatuzitamani siku hizo. Lakini hata kwenye posta ile palikuwa na kaunta, na nyuma ya kaunta palikuwa na mtu wa kugombana naye.

Sheria tunazo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, ya kupewa habari na ya kufidiwa hasara. Kanuni za kulinda watumiaji wa huduma za mawasiliano, za mwaka huohuo wa 2010, zinaitaka kila kampuni iwe na mfumo wa kupokea malalamiko ya wateja na iyatatue. Muziki wa kungojea si utatuzi.

Wapo watakaosema mteja aliyechoka na ahame. Ni kweli kwamba tangu Aprili 2011 Mkenya anaweza kuhamia kampuni nyingine na nambari yake ileile. Ni wachache waliofanya hivyo, na sababu inajulikana kwa kila anayeuza maziwa: nambari inahama, akaunti ya pesa ya simu haihami nayo. Nani atamwambia karani wa kituo, wanachama wa chama na watoto walio mjini kwamba njia ya kumtumia pesa imebadilika? Kwa hivyo uhuru huo wa kuhama haumsaidii sana mama wa Kaptagat.

Tunachodai si kikubwa. Huduma yoyote ya kulipia kila siku isianze mpaka mteja ajibu kwa ujumbe kwamba anaitaka, na kunyamaza kusihesabiwe kuwa kukubali. Wakala wa kijijini, anayeaminiwa kupokea na kutoa maelfu ya shilingi kila siku, aruhusiwe kuandikisha lalamiko na kumpa mteja nambari yake. Ni mtu anayefahamiana na wateja wake na anayeweza kuwasikiliza kwa lugha yao. Pesa zilizokatwa bila idhini zirudishwe kwa njia ileile zilikotoka.

Na Mamlaka ya Mawasiliano, CA, iache upole. Kila robo mwaka inatoa ripoti ya sekta inayoonyesha idadi ya laini, dakika zilizopigwa na sehemu ya soko ya kila kampuni. Katika ripoti hiyohiyo iweke jedwali la malalamiko: yaliyopokelewa, yaliyotatuliwa na siku yaliyochukua, kampuni kwa kampuni, kwa majina. Kampuni zinazopigania nafasi ya kwanza sokoni hazitapenda kuongoza jedwali hilo.

Kusukuma husaidia. Mwaka 2019 wakili mmoja aliyafikisha mashtaka ya bando za intaneti zinazoisha muda mbele ya jopo la rufaa la mawasiliano, na kabla mwaka huo haujaisha kampuni zilikuwa zinauza bando zisizoisha muda. Ilitosha mtu mmoja kukataa kusamehe.

Basi msomaji, ukikatwa kredo usiyoijua, andika tarehe, saa na kiasi. Mwombe mhudumu jina lake na nambari ya lalamiko, uutunze ujumbe wenyewe usiufute. Kampuni isipokujibu, CA ina ofisi Eldoret. Siku utakayoshuka mjini kwa shughuli zako, ipitie uliache lalamiko lako pale, hata likiwa la shilingi 10.