Chakula cha Msaada Kianze na Daftari Kabla ya Meli

Kila vita vikitulia, picha ya kwanza tunayoiona kwenye televisheni ni meli ya unga inaingia bandarini. Tunasema alhamdulillahi, watu watakula. Mimi naona kuna suali la kuuliza kabla ya kushukuru: nani anashika daftari la majina, na yule mjane asiye na mtu wa kumsemea yumo ndani?

Tuitazame Iraki. Saddam Hussein alipoivamia Kuwait Agosti 1990, Umoja wa Mataifa uliiwekea Iraki vikwazo vya biashara, na chakula chake kingi kilikuwa kinatoka nje. Septemba ileile serikali ikaanza mgao. Kila nyumba ilipewa kadi, na kila mwezi watu wakachukua unga, mchele, sukari, mafuta na chai kwa bei ndogo mno. Vita vya 1991 vilipokwisha, mgao ukabaki. Mwaka 1997 chakula kilichonunuliwa kwa fedha za mafuta, chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa, kikaanza kufika na vipimo vikaongezeka.

Kilichousimamisha mgao ule ni duka la mtaani. Mgawaji alikuwa muuza duka jirani, wenyewe wakimwita wakili, neno lilelile letu. Anazijua nyumba zake na nyumba zinamjua. Akipunja mzani, mtaa mzima unajua kabla ya magharibi. Na kwa vile mgao ulikuwa wa wote, hakuna aliyeona haya kwenda kuchukua. Masikini hakulazimishwa kuthibitisha umasikini wake mbele ya karani. Daftari lenyewe lilienea hata uchaguzi wa Januari 2005 ulipofika, ndilo lililotumika kutayarisha orodha ya wapiga kura.

Sisemi mambo yalikuwa safi. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Paul Volcker ilieleza mwaka 2005 kwamba makampuni zaidi ya 2,000 yalihusika na malipo ya haramu kwa serikali ya Saddam. Mwaka 2009, serikali nyengine kabisa, waziri wa biashara alijiuzulu baada ya Bunge kumhoji juu ya tuhuma za rushwa katika vyakula vya mgao. Tuhuma hizo zote zilikuwa za huko juu, kwenye mikataba, wakati sisi macho yetu huwa kwa yule anayepima kilo dukani.

Kulikuwa na kasoro nyengine, na kwangu hiyo ndiyo kubwa zaidi. Kadi ilifungwa na mtaa. Fujo za 2006 zilipowatoa watu majumbani mwao, wengi walikosa mgao kwa sababu majina yao yalibaki kule walikokimbia. Yaani mwenye shida zaidi ndiye aliyepotea kwenye daftari.

Wako wanaosema, kwa nini magunia? Wape watu pesa, yaishe. Serikali ya Iraki ilijaribu. Novemba 2012 iliamua kuufuta mgao na kumpa kila mtu dinari 15,000 kwa mwezi. Watu walipiga kelele, na baada ya siku chache uamuzi ukaondoshwa. Pesa ni nzuri soko likiwa zima. Lakini baada ya vita, bidhaa chache, muuza duka akisikia pesa zinakuja, bei inapanda hata hazijafika.

Wazee wetu waliokuwa Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1970 hawahitaji kuhadithiwa foleni ya chakula. Wanajua unavyokuwa unyonge wa kumsubiri mtu mmoja aseme kimekwisha.

Kwa hivyo, ndugu zangu, siku Yemen na Sudan zitakapotulia, tusihesabu meli tu. Serikali zao zianze kwa kumpa kila mtu, bila ya kumhoji, kisha zipunguze pole pole watu wakisharudi kazini. Jina limfuate mtu popote alipohamia. Mikataba ya ununuzi ibandikwe hadharani, kama bei inavyobandikwa dukani. Na sisi tulioko Ghuba, tunaochangia kila Ramadhani, kabla ya kutoa tuna haki ya kuuliza chakula kinapita mikononi mwa nani. Huko si kukosa imani. Sadaka ni amana, na amana huulizwa.