Usiue Ua Linalolisha Ng'ombe Wako

Ndugu mkulima, juzi mzee mmoja wa skimu aliingia ofisini kwetu akitaka dawa ya kuua magugu malishoni mwake. Nikamwuliza, "Mzee, ni magugu gani?" Akajibu, "Yale mafupi, ya majani matatu-matatu na maua meupe." Nikauliza tena, "Je, ng'ombe huyakwepa?" "La," akasema, "huanza nayo." Basi hayo si magugu!

Mmea huo ni klova nyeupe ya Kenya. Haukuletwa na masetla. Ni mwenyeji wa nyanda zetu za juu, na hutambaa chini pamoja na nyasi za kikuyu. Watu wa Australia walichukua mbegu zake hapa Kenya, wakaipa aina yao jina la Safari, wakaipanda katika malisho yao. Je, wageni wakiuthamini mmea wetu, sisi tuunyunyizie dawa?

Kabla ya kuwa karani nilisomea ualimu, kwa hiyo nakupa somo dogo. Chimbua mche mmoja polepole, uoshe mizizi yake. Utaona vinundu vidogo. Kata kimoja: kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi. Humo mna vijidudu vinavyotwaa naitrojeni ya hewani na kuupa mmea. Majani yakioza, na ng'ombe akiangusha samadi, nyasi nazo hupata fungu lao. Naitrojeni ndiyo hiyo unayoinunua katika mfuko wa mbolea.

Dawa za kuua magugu ya majani mapana, kama 2,4-D, huziacha nyasi lakini huweza kuiua klova. Utalipa mara mbili: kwanza dawa, kisha mbolea.

Wengine husema, "Chai ndiyo pesa, malisho ya nini?" Ni kweli chai ni pesa, lakini watoto wataka maziwa pia. Kwa maoni yangu, usilime kipande chako cha mwisho cha malisho. Kilishe kwa zamu, maana nyasi zikiwa ndefu mno huinyima klova jua. Na asubuhi yenye umande, usiwafungulie ng'ombe wenye njaa penye klova nyingi. Wape nyasi kavu kwanza, wasivimbe matumbo.

Yule mzee alirudi nyumbani bila dawa. Nawe, kabla hujanunua, inama kwanza utazame ni kitu gani unachotaka kukiua.