Homa haina masikio

Kuna mwandishi anayedai mgonjwa ndiye msikilizaji bora wa ujumbe wa afya, kwa kuwa ana hofu. Labda hajawahi kuugua malaria. Aje Mngeta msimu wa mpunga: mtu kajifunika kanga mbili juani, meno yanagongana, halafu anapigwa somo la chandarua. Anaitikia "ndiyo" ili aachwe alale. Dawa ya mseto, ALu, kwa mtu mzima ni vidonge 4 mara mbili kwa siku, siku 3; jumla 24. Siku ya pili homa imeshuka, huyo shambani, na vilivyobaki vinachomekwa kwenye makuti ya dungu, akiba ya homa ijayo. Hofu ilishatoka na jasho. Mwelezeni aliyemsindikiza, jamani. Yeye kichwa hakimgongi.