Ufa Upo Kooni

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa kwetu Eastlands, ufa upo kooni mwa watoto, na ukuta wenyewe ni upasuaji wa moyo.

Mtoto akilalamika kuwa koo lamuuma, huambiwa nini? "Sukutua na maji ya chumvi, kesho utakuwa sawa!" Aghalabu hupona kweli. Lakini kuna bakteria waitwao streptokokasi ambao wasipotibiwa huweza kuleta homa ya baridi yabisi. Hapo kinga ya mwili hukosea adui, ikaushambulia moyo wenyewe. Valvu, yaani vile vilango vinavyozuia damu isirudi nyuma, hupata makovu. Mtoto akipanda ngazi kidogo tu, anahema! Nao ugonjwa huu hupenda mahali watu wanapobanana. Nani asiyevijua vyumba vya Mathare, Huruma na Dandora?

Valvu zikiharibika sana, kisu hakiepukiki. Daktari hufungua kifua na kuusimamisha moyo, mashine ikisukuma damu badala yake. Kisha huitengeneza valvu au huweka ya bandia. Aliyewekewa ya chuma atameza dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote. Gharama yake si mchezo; kibarua wa Industrial Area ataitoa wapi? Ndiyo sababu mbio za Mater Heart Run, za Hospitali ya Mater kule South B, zimekuwa zikichangisha pesa za kuwapasua watoto.

Mimi nasema hongera kwa wakimbiaji. Wala sisemi kisu kitupwe, maana aliyekwisha kuugua ana haki ya kutibiwa. Ninachopinga ni kungoja. Penisilini ni dawa ya zamani na ya bei nafuu, na aliyewahi kupata homa hiyo hukingwa kwa sindano yake kila wiki tatu au nne.

Kuna watakaosema, "Ati kila koo likiuma twende kliniki?" Naam, homa ikiwepo na kumeza kukiwa taabu, twende! Mhudumu wa afya ndiye ajuaye koo lipi lahitaji dawa, si mwenye duka. Shule nazo zisimrudishe darasani mwanafunzi mwenye homa kwa kudhani anatega.

Shime wenzangu! Tuchangie upasuaji, lakini tuanzie kooni.