Yanayobaki Baada ya Kupasuliwa Shingo

Mji wa Lubumbashi, tangu ulipoasisiwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, umeishi kwa kubeba: mawe ya shaba yatolewayo ardhini, makaa yaletwayo kwa baiskeli kutoka misituni, na magunia ya unga yapandishwayo vichwani mwa vijana kila alfajiri katika soko la mtaa wetu uitwao Kenya. Wala si dhana tupu kusema kwamba shingo hulipa sehemu ya gharama hiyo, kwani matabibu waliowapiga picha wabeba mizigo ya kichwani huko Sierra Leone, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1997, waliona pingili zilizochakaa kwa takriban watu 9 katika kila 10, ilhali miongoni mwa wenzao wasiobeba idadi haikufika robo. Na wabeba kuni wa Kongo nao walichunguzwa namna hiyo, habari zao zikatangazwa mwaka 2002. Ongeza juu ya hayo wachimbaji wanaoangukiwa na udongo mashimoni, na waendao kwa pikipiki katika barabara ya Kasumbalesa, iendayo mpaka wa Zambia, wakigombania nafasi na malori ya madini, ndipo utakapofahamu kwa nini habari za kupasuliwa shingo zimeingia katika mazungumzo ya jamaa zetu.

Sina ugomvi na upasuaji huo. Mtu ambaye ugwe wa mgongo wake umebanwa shingoni, ambaye vidole vyake vimeanza kushindwa kufunga vifungo vya shati na miguu yake yayumba kama ya mlevi, aghalabu hana dawa nyingine iliyo bora, na kuchelewa huweza kumdhuru kuliko kisu. Ugomvi wangu ni juu ya namna tunavyoliendea jambo lenyewe: jamaa huketi kikao, wajomba na mashemeji huchanga, kiwanja huuzwa, na fedha zote zipatikanazo huhesabiwa kwa ajili ya zile saa chache za chumba cha upasuaji, iwe ni hapa mjini, au Ndola nchini Zambia, au Afrika Kusini, au Uhindi, kisha, siku mkono unapokataa kuinuka, hakuna katika jamaa wote aliyekuwa ameambiwa kwamba hilo laweza kutokea, wala hakuna faranga iliyosalia ya kulishughulikia.

Na laweza kutokea, tena kwa njia ambazo elimu ya tiba imezijua zamani. Shingo ina pingili 7 na jozi 8 za mizizi ya mishipa ya fahamu, kila jozi ikiwa na milki yake mwilini. Mzizi wa 5, unaotawala bega, una kisa cha kustaajabisha: mgonjwa huamka salama, humshukuru Mungu, hupokea wageni, kisha baada ya siku moja au mbili huona hawezi kuinua mkono hata kufikisha kitana kichwani. Hupatwa na hali hiyo takriban wagonjwa 5 katika kila 100 waliofunguliwa ugwe uliobanwa, na sababu yake wataalamu wangali wakiijadili. Walio wengi hupona, lakini kupona kwenyewe huchukua miezi, pengine hata miaka 2, na wako wachache wasiopona kabisa. Ama mpasuaji akiingia kwa mbele, njia iliyoasisiwa na matabibu wa Marekani katika miaka ya 1950, hana budi kulisogeza umio kando na kupita jirani na mshipa wa fahamu unaoendesha sauti, na ndiyo maana wengi hutoka na sauti ya kukwaruza na koo linalokataa chakula. Kwa kawaida hayo hupungua baada ya siku au majuma, walakini kwa baadhi hudumu. Na katika nyumba ambamo kula ni kula bukari, yaani ugali, mgonjwa asiyeweza kumeza tonge haraka hudhaniwa ametiwa sumu na jirani.

Liko jambo moja katika haya ambalo ningependa libandikwe juu ya kila kitanda. Baada ya upasuaji wa shingo kwa mbele, damu huweza kukusanyika ndani na kulibana koo, aghalabu katika saa 24 za mwanzo, na mgonjwa aliyekuwa akizungumza akaanza kuvimba shingo, kuhangaika na kutafuta pumzi. Hiyo ni dharura ya dakika, si ya kungojea asubuhi. Sasa, katika hospitali zetu, ni nani aliye macho karibu na mgonjwa usiku wa manane? Si tabibu, na mara nyingi si muuguzi mwenye kuhudumia vitanda vingi peke yake. Ni dada au mpwa aliyetandika mkeka chini ya kitanda, ambaye amepewa orodha ya dawa za kununua lakini hakufundishwa dalili hata moja ya kumpigia kelele muuguzi. Mlinzi huyo twamwachia roho ya mtu, naye hajui anachokilinda.

Yako na mengine yasiyokuja kwa kishindo. Ugwe uliobanwa miaka mingi haurudishiwi yote uliyopoteza, kwa maana muradi wa upasuaji huo kwanza ni kuuzuia ugonjwa usiendelee, na ganzi ya vidole yaweza kubaki hata kazi ya mpasuaji ikiwa haina dosari. Tena pingili zilizounganishwa huwatwika jirani zake kazi ya ziada: mwaka 1999 Alan Hilibrand na wenzake wa Marekani walikadiria kwamba takriban robo ya waliounganishwa pingili za shingo wangeugua upya katika pingili za jirani ndani ya miaka 10. Haya hayamfai kitu mtu anayeyasikia mara ya kwanza akiwa tayari ameshika gunia.

Najua watakaonipinga, na hoja yao si dhaifu. Watasema kwamba ukimhesabia mgonjwa maafa yote haya atatoroka, aende kwa mkandaji wa mifupa amnyonge shingo, au kwa nabii amfungishe siku 40, na arudi akiwa amepooza. Lakini na watazame yatokeayo pale anaponyamaziwa. Mkono ukilala, kimya cha tabibu hujazwa na watu wengine: shemeji atamtaja mlozi, jirani atadai kwamba mpasuaji alikuwa mwanafunzi, na mgonjwa wa pili mwenye maradhi yale yale ataapa kutokanyaga hospitali. Fauka ya hayo, kimya hicho hutuondolea uwezo wa kupambanua baina ya madhara na kosa. Mwaka 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili huko Dar es Salaam, wagonjwa wawili walibadilishwa, aliyestahili kupasuliwa goti akafunguliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa goti. Lile lilikuwa kosa, na taifa zima lilikuwa na haki ya kughadhibika. Bega lililolegea baada ya kazi iliyofanywa kwa uangalifu si jambo la namna hiyo, lakini asiyeambiwa mapema ataliona ni lile lile. Wala unyofu huu si bidaa ya wageni: waganga wa Misri ya kale, katika mafunjo yaliyoandikwa yapata miaka 3,600 iliyopita, walilieleza jeraha la shingo lipoozalo mikono na miguu, wakalihesabu waziwazi kuwa ni maradhi yasiyotibiwa.

Si lazima mpasuaji mwenyewe ndiye amweleze mgonjwa hayo, ambaye pengine anangojwa na wengine wengi. Hospitali kubwa ya mkoa wetu yaitwa kwa jina la Jason Sendwe, ambaye watu wamkumbuka kama kiongozi wa chama cha siasa cha Balubakat aliyeuawa mwaka 1964, ilhali kabla ya siasa alikuwa msaidizi wa matabibu. Na watu wa daraja hiyo, wauguzi na wasaidizi wajuao Kiswahili cha mgonjwa na mashaka ya mama yake, ndio wawezao kuketi naye jioni ya kabla ya upasuaji. Karatasi ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kifaransa na kutiwa saini na mjomba ukumbini ni kinga ya hospitali tu.

Lililo gumu zaidi ni fedha. Miezi ya mazoezi ya viungo, nauli ya kutoka mitaa ya Ruashi au Katuba kila juma, na siku ambazo mbeba mizigo hawezi kubeba, vyote hivi ni sehemu ya tiba, na hesabu ya hospitali isiyovitaja ni hesabu pungufu. Nami nathubutu kuwaelekea wenye migodi. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 yawalazimu kutenga angalau asilimia 0.3 ya mapato yao ya mauzo kwa maendeleo ya watu wanaowazunguka, na fedha hizo zimezoea kugeuka kuta na mabati, kwa kuwa kuta hupigwa picha siku ya kuzinduliwa. Na zitolewe safari hii kwa mishahara ya wataalamu wa mazoezi ya viungo, wawili watatu katika kila hospitali ipasuayo migongo na shingo, kwa mkataba wa miaka na si wa miezi, na majina yao yaandikwe katika ripoti ya kampuni mahali pale pale inapoandikwa idadi ya matofali.