Kazi ya mikono haingoji wakati wa ziada

Ipo methali moja ambayo walimu na wanafunzi wa nchi hii wameigeuza kuwa ngao ya kujikinga na kila lawama: mshika mbili moja humponyoka. Mwalimu akiulizwa kwa nini hafumi tena vitambaa kama alivyozoea, atajibu kwa methali hiyo. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini ameacha kuchora au kuchonga, atajibu vivyo hivyo. Kwa hakika, ukilitazama juma la mwisho la muhula wa tatu, ni vigumu kuwalaumu. Karatasi za mtihani zangoja kusahihishwa, nguo zangoja kufuliwa, nauli ya kwenda mashambani hupanda kila uchao, na mizigo bado haijafungwa. Katika hali kama hiyo, nani mwenye wakati wa kushika sindano na uzi?

Kwa maoni yangu, swali hilo limeulizwa vibaya. Linachukulia kuwa kazi ya mikono ina siku yake maalumu, na kwamba siku hiyo itafika baada ya shughuli nyingine zote kwisha. Siku hiyo haipo. Haikuwapo hata zamani. Ukichunguza jinsi ususi ulivyoendeshwa nchini mwetu, utaona kuwa haukutengewa wakati wake peke yake. Uliishi katika nyufa za kazi nyingine.

Tuchukue kiondo, mathalani. Miongoni mwa Wakamba na Wakikuyu, kiondo kilisukwa kwa nyuzi za mimea, zikiwemo za magome ya mbuyu na baadaye za katani, ambazo ziliviringishwa kwa kiganja juu ya paja hadi zikasokoteka. Msusi hakuhitaji meza wala mtambo. Alianza na kitako, akaendelea kuzunguka na kupanda juu mstari kwa mstari, na aliweza kusimama popote bila ya kazi kuharibika. Ndiyo maana akina mama walisuka wakienda sokoni, wakisuka barazani mkutano ukiendelea, wakisuka kando ya meko chakula kikichemka. Muundo wenyewe wa kazi ulikubali kukatizwa.

Pwani nako hali ni iyo hiyo. Majani ya mkindu huchanwa, huanikwa, mengine hutiwa rangi, kisha husukwa ukili, yaani utepe mwembamba mrefu ambao hukunjwa kadiri unavyorefuka. Ukili ukitosha, hushonwa ukingo kwa ukingo hadi ukawa mkeka. Kwa kuwa ukili ni mwepesi na hukunjika, msusi huweza kwenda nao kwa jirani, akapiga soga huku vidole vikitembea. Kofia zinazotiwa nakshi kwa sindano na uzi huko Lamu nazo ni kazi ya kuchukulika. Huwekwa chini mgeni anapobisha hodi, na huokotwa tena mgeni anapoondoka.

Hata safari haikuwa adui wa kazi hizi. Msomaji na atazame usemi wetu wa kila siku, kufunga safari. Usemi huo unamkumbusha mtu mizigo iliyofungwa kwa kamba kabla ya kujitwika. Masurufu ya njiani yalitiwa katika kikapu, kanda au pakacha, na mkeka ukakunjwa ili msafiri apate pa kulala. Aliyejitayarisha kusafiri alihitaji kazi ya msusi. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, tarehe 28 Agosti 2017, tulikumbushwa jambo hilo kwa ghafla. Vikapu na vyondo vilipata heshima mpya sokoni. La kusikitisha ni kuwa wengi wetu tulikimbilia mifuko ya viwandani, kwa sababu katika nyumba zetu hapakuwa tena na mkono uliojua kusuka hata kikapu kidogo cha nyanya.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kuwa mama aliyesuka huku akitembea, pengine na mtoto mgongoni, alikuwa akijistarehesha. Alisuka njiani kwa sababu hakuwa na wakati mwingine, na aghalabu fedha za kiondo ndizo zilizonunua chumvi au kulipa karo. Kumsifu kwa kubeba mzigo wa watu watatu bila ya kuuliza wawili waliobaki walikuwa wapi ni kumkejeli. Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaodhani kwamba dawa ya shughuli nyingi ni kupanga ratiba tu. Ratiba haioshi vyombo. Wakati wa likizo, katika nyumba nyingi, msichana hufagia, huteka maji, hupika na kuosha vyombo, ilhali kaka yake ameketi akisubiri kuandaliwa. Kisha wote wawili huulizwa shuleni ni kazi gani ya ubunifu waliyoifanya! Jifya moja haliinjiki chungu. Mvulana akishika ufagio na baba akishika sufuria, dada atapata nusu saa ya kushika uzi, na huenda huyo mvulana naye akatamani kujifunza.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na hapana budi niseme neno kuhusu lugha. Katika shule zetu, shughuli apendayo mtu kwa kujiburudisha huitwa uraibu. Awali neno hili lilihusu vitu vya kutafunwa kwa starehe, kama vile tambuu na tumbaku. Leo tunalitumia pia kwa mazoea mabaya yasiyoachika, ndipo tunaposikia uraibu wa pombe na uraibu wa kamari. Hivyo neno moja limebeba starehe na utumwa kwa pamoja. Mwanafunzi anapoambiwa aandike insha juu ya uraibu wake, huandika kwamba anapenda kuogelea na kusoma riwaya, hata kama hajawahi kuliona bwawa la kuogelea. Simlaumu. Amefundishwa kuwa uraibu ni jambo la fahari linalofanywa na watu wenye nafasi. Hakuna aliyemwambia kuwa kipepeo alichokisuka nyanyake, au kigari cha nyaya alichokiunda mwenyewe, ni jambo la kuandikiwa insha.

Mikono inapoacha kazi, na maneno hufuata. Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wanitajie vyombo vinavyotokana na ususi. Wengi hutaja mkeka na kikapu, wakanyamaza. Kanda, jamvi, kawa, kifumbu na pakacha wameyaona kamusini tu. Wengi pia hawatofautishi kusuka, kufuma, kusokota na kutarizi, ingawa kila kitenzi kina mwendo wake wa vidole. Hatuwezi kuyahifadhi maneno hayo kwa kuyakariri. Neno kifumbu hukaa akilini mwa mtu aliyewahi kukikamua kikatoa tui.

Yapo mengine ambayo sarufi yenyewe inatufundisha. Anayefuma huweza kufumua, anayeshona huweza kushonoa, anayekunja huweza kukunjua, na aliyefunga mzigo huweza kuufungua. Kauli hii ya kutendua imejaa katika vitenzi vya kazi za mikono, na si ajabu. Fundi hukosea mstari, akaurudia. Kufumua si aibu. Ni sehemu ya kufuma. Mwanafunzi aliyezoea kuona kosa likiwekewa alama ya mkasi kwa wino mwekundu hana mahali pengi pa kujifunza ukweli huo.

Shule zetu ziliwahi kujaribu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, masomo kama Sanaa na Ufundi na Sayansi Kimu yalipewa nafasi katika ratiba. Baadaye yalipoondolewa katika orodha ya masomo yaliyotahiniwa kwenye KCPE, vipindi vyake viligeuka kuwa vya Hisabati kimyakimya, maadamu hakuna mzazi aliyeuliza. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 katika madarasa ya chini, umeirejesha kazi ya mikono darasani. Hilo ni jambo la kupongezwa.

Hata hivyo, tumeirejesha kwa haraka ileile iliyoifukuza. Mtoto huambiwa jioni alete kikapu kesho asubuhi. Mzazi hufika nyumbani usiku, amechoka, chakula hakijapikwa, na hapo hapo atakiwa kusaka nyuzi. Atafanya nini? Ama atakisuka mwenyewe mtoto akiwa amelala, ama atakinunua sokoni. Asubuhi mtoto hupewa alama za umilisi ambao hana. Mzazi amekasirika, mwalimu amedanganywa, na mtoto amejifunza kuwa ufundi hununuliwa.

Napendekeza njia nyingine. Mwalimu na atoe kazi moja kwa muhula mzima, na kila juma aone imefika wapi. Akubali kuletewa kazi ambayo haijakamilika, na amsifu aliyefumua akaanza upya. Awaalike wazee wa mtaa, wake kwa waume, waonyeshe wanayoyajua, na wanafunzi waandike majina ya vifaa, ya hatua na ya makosa, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani. Hiyo itakuwa Sanaa, na itakuwa pia somo la Kiswahili, bila ya kuongeza kipindi hata kimoja.

Nawe mwanafunzi, unapofunga safari ya likizo, tia katika mkoba kazi ndogo iwezayo kukatizwa: kitambaa cha kufuma, ukili mfupi, hata daftari la kuchorea. Safari ya basi kutoka Nairobi hadi Mombasa, mwendo wa kilomita 480 hivi, ni saa nyingi za kutazama simu. Huhitaji kuzitoa zote. Toa moja tu. Nanyi walimu wenzangu, kile kitambaa kilicholala kabatini tangu muhula wa kwanza hakihitaji likizo ya mwezi. Kinahitaji dakika kumi maharagwe yakichemka, na mtu mwingine wa kuyatazama yasiungue.

Mshika mbili humponyoka moja iwapo zote mbili zataka mkono wote kwa wakati mmoja. Kazi ya mikono haikutaka hivyo kamwe. Imekuwa ikituomba kidogo kidogo, na wahenga hawakukosea waliposema bandu bandu huisha gogo.